Mwalimu Mpya na Darasa Alilolikuta



Ukisikiliza matangazo ya kandanda kutoka Dar es Salaam au Zanzibar, utamsikia mtangazaji akimwita kocha kwa jina ambalo huenda likakushangaza wewe unayejifunza Kiswahili. Humwita mwalimu. Neno kocha lipo, tena hutumika kila siku. Lakini wasemaji wa lugha hii hawakuridhika nalo peke yake. Walimwona mtu aliyekabidhiwa vijana ili awafundishe, wakampa jina la kazi yake.

Naomba tulichukue jina hilo kwa uzito wake, maana ipo desturi inayozidi kuenea ambayo hailingani nalo. Mwalimu mpya huingia darasani, huwatazama wanafunzi aliowakuta, kisha huwaamuru wengi wao watoke ili viti vyao vikaliwe na wengine aliowaagiza yeye. Katika kandanda kitendo hicho huitwa kusuka kikosi upya. Magazeti hukitaja kwa maneno makali zaidi: panga limepita, fagio la chuma limefagia, fulani amepewa mkono wa kwaheri.

Hoja yangu ni hii. Kocha mpya ana haki kamili ya kuamua nani acheze. Hana haki ya kuligeuza darasa zima kuwa mali yake. Kikosi ni cha taasisi, naye ni mpita njia. Na taasisi inayosahau jambo hilo hulipa mara mbili, kwanza kwa fedha zake, kisha kwa vijana wake.

Tuanze mbali, huko ambako desturi hii imefika kileleni, kisha turudi nyumbani.

Nchini Marekani, vyuo vikuu vina mashindano makubwa ya kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Wachezaji wake ni wanafunzi. Zamani, mwanafunzi aliyehama chuo alilazimika kwa kawaida kukaa nje ya uwanja msimu mzima kabla ya kucheza tena, ilhali kocha aliyehama alianza kazi mpya mara moja. Mwezi Oktoba 2018 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilianzisha mfumo wa kielektroniki wa uhamisho: jina la mchezaji anayetaka kuhama huandikwa humo, na makocha wa vyuo vingine huruhusiwa kuwasiliana naye. Mwaka 2021 wachezaji waliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na mwaka 2024 kikomo hicho cha mara moja kikaondolewa kwa wanaotimiza masharti ya masomo. Nia ilikuwa njema: kumpa kijana uhuru ambao kocha alikuwa nao siku zote. Lakini mlango ambao kijana hutokea kwa hiari ndio huo huo ambao kocha mpya anaweza kumtolea bila hiari yake.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Colorado. Mwezi Desemba 2022 chuo hicho kilimwajiri Deion Sanders, nyota wa zamani wa mchezo huo. Timu aliyoikuta ilikuwa imeshinda mchezo 1 na kupoteza 11. Katika kikao chake cha kwanza aliwaambia wachezaji waziwazi kwamba baadhi yao waanze kutafuta pa kwenda, kwa kuwa alikuwa anakuja na watu wake. Zaidi ya wachezaji 40 waliondoka, na wengine wengi wakaja, miongoni mwao mwanawe Shedeur Sanders na kijana hodari Travis Hunter. Msimu wa 2023 Colorado ilishinda michezo 4 na kupoteza 8. Msimu wa 2024 ilishinda 9 na kupoteza 4, na Hunter akatunukiwa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Ukikomea hapo, utasema fagio lilifanya kazi. Usikomee hapo. Mwaka 2025 vijana hao wawili waliingia katika ligi ya kulipwa, nayo Colorado ikashinda michezo 3 na kupoteza 9. Nyumba iliyojengwa kwa nguzo za kuazima huinama mwenye nguzo anapozichukua.

Haki inanidai nitaje pia mfano unaonipinga. Curt Cignetti aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Indiana mwishoni mwa mwaka 2023. Naye alibadilisha kikosi, akaja na wachezaji zaidi ya 10 kutoka James Madison, chuo alichokuwa akikifundisha. Timu iliyoshinda michezo 3 msimu wa 2023 ilishinda 11 msimu wa 2024. Hayo ni mafanikio makubwa, wala sitayapunguza. Lakini angalia aliwatoa wapi watu wake. Wengi wa wale aliokuja nao walikuwa wamekwisha kupita mikononi mwake. Wanaijua sauti yake na wanajuana wao kwa wao. Kilichoibeba Indiana kilikuwa mafunzo yaliyofanyika kabla, mahali pengine. Hata hivyo, kila kiti kilichojazwa na mgeni kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa mwanafunzi aliyeahidiwa nafasi na chuo, si na kocha.

Sasa turudi upande wetu, tuanzie Tanzania, ambako mahasimu wawili wa mtaa mmoja wa Kariakoo walitupa somo zuri katika msimu wa 2024/25.

Simba ilikuwa imemaliza msimu uliotangulia katika nafasi ya tatu, jambo ambalo mashabiki wake hawakulivumilia. Klabu ikaamua kusuka kikosi upya. John Bocco, aliyekuwa nahodha kwa muda mrefu, akaondoka. Clatous Chama akavuka barabara na kujiunga na Yanga. Mwezi Julai 2024 akaletwa kocha kutoka Afrika Kusini, Fadlu Davids, na pamoja naye kundi kubwa la sura mpya: Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala, Joshua Mutale, kipa Moussa Camara na wengineo. Matokeo yalikuwa mema. Ahoua alikuwa mfungaji bora wa ligi, Simba ikashika nafasi ya pili, na mwezi Mei 2025 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilifungwa na RS Berkane ya Moroko mabao 2 kwa 0 ugenini, kisha ikatoka sare ya bao 1 kwa 1 katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Kilichofuata ndicho kinachonihusu. Mwezi Septemba 2025, msimu mpya ukiwa ndio kwanza umeanza, Davids aliondoka kwenda Raja Casablanca. Wachezaji waliozoezwa kucheza kwa mtindo wake wakabaki wakimsubiri mwalimu mwingine na mtindo mwingine.

Upande wa pili wa mtaa, Yanga ilipitia misukosuko ambayo ingetosha kuivunja timu yoyote. Katika msimu huo mmoja ilikuwa na makocha watatu. Miguel Gamondi aliachishwa kazi Novemba 2024. Sead Ramović akaja, akaondoka Februari 2025 kwenda Algeria. Miloud Hamdi akaumalizia msimu. Walimu watatu, darasa moja. Kipa Djigui Diarra alikuwapo tangu 2021. Walinzi Dickson Job, Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Bacca walikuwa wamezoeana kwa misimu kadhaa. Mshambuliaji Clement Mzize alikuwa amelelewa katika timu ya vijana ya klabu hiyo hiyo. Yanga ilitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya nne mfululizo, ikatwaa na Kombe la Shirikisho la Tanzania. Sisemi kwamba kocha hana kazi. Nasema kwamba klabu yenye kikosi kinachojuana iliweza kuwapoteza walimu wawili bila kupoteza mwelekeo, kwa kuwa maarifa yalikuwa yamekaa ndani ya darasa.

Hapa Kigali tunao mfano wetu, na kwetu jambo hili linagusa zaidi. Mwaka 2011 Rwanda iliandaa mashindano ya Afrika ya vijana wenye umri chini ya miaka 17. Vijana wetu walifika fainali, kisha wakaiwakilisha nchi katika Kombe la Dunia la umri huo huko Mexico. Mwaka uliofuata, 2012, APR FC, klabu ya jeshi, iliacha kusajili wachezaji wa kigeni ikaamua kutegemea Wanyarwanda peke yao. Kwa zaidi ya miaka 10 iliushikilia uamuzi huo, na katika miaka hiyo ilitwaa mataji mengi ya ligi. Haikufika mbali barani Afrika, na hilo ndilo lililowasumbua wakuu na mashabiki wake. Mwaka 2023 mlango ukafunguliwa tena: wageni wakasajiliwa, akaletwa na kocha Mfaransa, Thierry Froger.

Fuatilia sasa miaka mitatu. Mwaka 2023, chini ya Froger, APR ilitolewa katika Ligi ya Mabingwa Afrika na Pyramids ya Misri. Mwaka 2024 akaja Mserbia Darko Nović na wachezaji wapya. APR ikaitoa Azam, kisha ikatolewa na Pyramids. Mwaka 2025 akaja Mmoroko Abderrahim Taleb na wachezaji wapya tena. Ikatolewa na Pyramids kwa mara ya tatu. Ni kweli kwamba Pyramids si timu ndogo, kwani mwaka 2025 ilikuwa bingwa wa Afrika. Lakini iko tofauti moja inayostahili kutazamwa. Katika makutano ya 2024 na 2025, kocha wa Pyramids alikuwa yule yule, Krunoslav Jurčić. APR ilikuwa inaanza upya kila mwaka; mpinzani wake alikuwa anaendelea.

Usinielewe vibaya kuhusu wageni. Kiswahili kina methali isemayo: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni mwenye maarifa humponya mwenyeji, yaani humfaa na kumwongezea nguvu. Kijana wa Kigali anayefanya mazoezi kila siku kando ya kiungo hodari kutoka Ghana au Senegali hujifunza mambo ambayo hakuna ubao wa darasani unaoweza kumfundisha. Methali hiyo, hata hivyo, inadhani kwamba mwenyeji bado yumo nyumbani. Ikiwa mgeni amekuja na mwenyeji ametolewa, ni nani atakayepona?

Methali ya pili inatupa onyo: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu wa kuswalia; mbachao ni mbacha wako, kiambishi cha umilikaji kikiwa kimebanwa mwishoni mwa neno. Msala upitao ni mkeka mzuri wa mtu mwingine, ambao leo uko mbele yako na kesho umekwenda na mwenyewe. Methali haisemi kwamba mbacha ni mzuri kuliko msala. Inasema tu kwamba mbacha ni wako, na kwamba kesho utahitaji pa kusujudia.

Najua wapo watakaonijibu hivi: klabu ya kulipwa si shule; kazi yake ni kushinda; na kocha ambaye atafukuzwa akifungwa mechi tano hawezi kuombwa asubiri kijana akomae miaka mitatu. Jibu hilo lina nguvu, nami nalikubali nusu yake. Kocha anapopewa mwaka mmoja, hufanya hesabu za mwaka mmoja. Kosa basi si lake peke yake. Ni la wale wanaomwajiri kwa muda wa msala na kumkabidhi mamlaka ya mwenye nyumba. Kadiri kocha anavyofukuzwa haraka, ndivyo anavyoagiza watu wake haraka. Na kadiri anavyoagiza, ndivyo atakayemfuata anavyokuta watu asiowataka. Gurudumu hilo halisimamishwi na kocha. Husimamishwa na uongozi.

Lakini nusu ya pili siikubali. Wahenga walisema: Mchagua jembe si mkulima. Mwalimu anayeweza kushinda tu akiwa na vijana waliokwisha kufundishwa na wengine ni mnunuzi mzuri. Ualimu wake bado haujaonekana.

Nini basi kifanyike? Napendekeza mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wa viongozi wa klabu na wa vyuo.

La kwanza ni kumpa kila aliyekutwa nafasi ya kutazamwa. Mchezaji asiachwe kwa sababu ya video, fununu au urafiki wa wakala na kocha. Apewe muda wa mazoezi na mechi za maandalizi, kisha aelezwe ana kwa ana sababu ya uamuzi. Kijana anayesoma habari za kuachwa kwake mtandaoni, pamoja na mashabiki, amenyimwa heshima ambayo haigharimu chochote.

La pili ni mkataba. Neno kusajili linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya daftari au kumbukumbu rasmi. Kumsajili mtu ni kumwandika, na jina lililoandikwa halifutwi kwa kidole. Kanuni za FIFA zinakataza upande wowote kuvunja mkataba peke yake katikati ya msimu, na zinampa haki ya kuondoka mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi miwili, baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15. Klabu inayotaka kumwacha mchezaji imlipe anachodai. Kumfanyisha mazoezi peke yake nyuma ya goli hadi achoke na aondoke mwenyewe ni kuvunja mkataba kwa mlango wa uani.

La tatu tunaweza kulitoa katika utawala wetu wenyewe. Tangu mwaka 2006 viongozi wa wilaya zetu hutia saini imihigo, ahadi za kazi zinazopimwa hadharani. Kwa nini kocha asiwe na imihigo yake? Aahidi idadi ya mechi atakazoshinda, ndiyo. Lakini aahidi pia ni vijana wangapi wa timu ya chini atawapandisha, na ni wangapi kati ya aliowakuta atawaacha wakiwa bora kuliko alivyowakuta. Kocha akipimwa kwa vipimo vyote viwili, atakuwa na sababu ya kufundisha.

Huenda wewe unayesoma hapa Masoro unajiuliza mambo haya ya mpira yanakuhusu nini. Yanakuhusu sana. Tunaishi jirani na viwanda vya Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, ambako maelfu ya watu hufanya kazi kwa mikataba, na jirani na vyuo ambako vijana wanajiandaa kuingia katika kazi kama hizo. Meneja mpya akija kiwandani, mkuu mpya akija shuleni, mkurugenzi mpya akija katika shirika, kishawishi ni kile kile: kuwaondoa waliokuwapo na kuwaleta wa kwake, kisha kuuita utiifu huo ufanisi. Anayeondolewa huondoka na kumbukumbu ya kazi: ni mashine ipi hukwama wakati wa mvua, ni mteja yupi hulipa kwa kuchelewa, ni mwanafunzi yupi huja bila kula. Mambo hayo hayaandikwi katika ripoti ya makabidhiano.

Linganisha na umudugudu wako. Kiongozi mpya wa umudugudu hachagui wakazi. Asubuhi ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hutoka na kuwakuta majirani wale wale: mwenye nguvu na mzee, mwepesi wa kazi na mwepesi wa maneno. Mfereji lazima uchimbwe na hao hao. Uongozi wake hupimwa kwa namna anavyompa kila mmoja kazi anayoiweza. Hakuna dirisha la usajili la majirani, na bado mifereji huchimbwa.

Siku moja nawe utakabidhiwa darasa, idara, duka au timu ya mtaa. Utakuwa na haki ya kupanga, kuhamisha, hata kumwacha asiyefaa baada ya kumpima. Kabla hujafanya hivyo, jifunze majina ya uliowakuta na uwaulize wanajua nini.

Na kwa sasa, wewe kama shabiki, una wajibu wako. Dirisha la usajili litakapofunguliwa tena, picha za sura mpya zitajaa katika simu yako, nawe utafurahi, kwani furaha hiyo ni halali. Ukishafurahi, iulize klabu yako maswali matatu: walioondoka walipewa sababu? Walilipwa haki zao? Na katika hao wapya, yuko hata mmoja aliyetoka katika timu yetu ya vijana?